Rangi za Ndege Zilizopigana Angani Mwetu

Mwezi Novemba 1914, rubani aitwaye Dennis Cutler aliruka kutoka kisiwa kidogo cha Nyororo, karibu na Mafia, akaelekea delta ya Mto Rufiji. Ndege yake ilikuwa Curtiss, mashua yenye mbawa, iliyochukuliwa Durban kwa haraka kwa sababu jeshi la majini la Uingereza halikuwa na ndege nyingine upande huu wa bahari. Alikuwa akitafuta meli moja tu. Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyoongozwa na Kapteni Max Looff, ilikuwa imeizamisha Pegasus ya Waingereza katika bandari ya Unguja tarehe 20 Septemba, kisha ikaingia na kujificha kwenye vijito vya mikoko. Mabaharia wake walifunga matawi ya miti juu ya milingoti ili ifanane na msitu. Walioitafuta kwa darubini kutoka baharini hawakuweza kuipiga, lakini Cutler aliiona kutoka juu. Rejeta ya injini yake ilipoharibika ilitafutwa ya gari la Ford huko Mombasa, ikafungwa, na safari zikaendelea mpaka Desemba, alipoangukia mikononi mwa Wajerumani.

Vita ya angani katika nchi yetu ilianza hivyo. Ilianza na swali la rangi pia: upande mmoja ulijipaka na kujifunika usionekane, upande wa pili ulipanda angani ili uone. Tangu siku hiyo mpaka mabomu ya mwaka 1979 kando ya Mwanza, ndege za mataifa mengi zimepita juu ya vichwa vya watu wa Afrika Mashariki, na kila moja ilikuwa na rangi yake kwa sababu yake.

Nayaandika haya kwa ajili ya kijana wa Zagayu, au wa kona yoyote ya Bariadi na Simiyu, ambaye amekwisha kuunda ndege kwa mabua ya mtama na waya na sasa anataka kuunda ndege ya mfano inayofanana kweli na ile iliyopigana. Vipimo vya mbawa atavipata vitabuni. Umbo la injini atalipata kwenye picha. Rangi ndiyo itakayomsumbua, maana rangi hufa kabla ya chuma. Kitambaa huoza, vanishi hugeuka manjano, picha za zamani ni nyeusi na nyeupe, na walioona kwa macho yao huondoka mmoja mmoja. Anayetaka kupaka kwa haki lazima awe mwanahistoria kabla hajafungua kopo.

Turudi Rufiji, kwa sababu huko ndiko kwenye mafunzo mengi. Baada ya Cutler kukamatwa, Februari 1915 walikuja marubani wa jeshi la majini wakiongozwa na John Cull, na ndege mbili aina ya Sopwith zenye maboya ya kutua majini. Zilikuwa zimetengenezwa kwa mbao, gundi na kitambaa cha kitani, na waliozitengeneza hawakuwa wamewaza joto la pwani yetu. Gundi ilimomonyoka. Mbao zilijipinda. Zikaletwa ndege za Short ambazo nazo zilipanda kwa taabu kubwa, lakini tarehe 25 Aprili Cull alifanikiwa kupita juu ya Königsberg na kuipiga picha. Katika taarifa yake aliandika kwamba meli ile ilionekana imepakwa rangi upya. Fikiria jambo hilo: meli imezingirwa kwa miezi sita, makaa yanapungua, malaria inawatafuna mabaharia, na bado wanapaka. Chuma katika maji ya chumvi hakisubiri vita viishe. Kwa muundaji wa mifano, taarifa hiyo ya rubani mmoja ina thamani kuliko picha yenyewe, kwa sababu inamwambia asiijaze meli yake kutu kwa mazoea ya kudhani kwamba kila chombo kilichojificha kilikuwa kimechakaa.

Mwezi Juni zilifika ndege nyingine, Henri Farman mbili na Caudron mbili, zikatua kwenye kiwanja kilichofyekwa kisiwani Mafia. Farman hizo zilikuwa na kiunzi cha chuma badala ya mbao, ndiyo maana zilivumilia joto. Zilifika pamoja na mpango mpya: meli mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, ziingie mtoni na kupiga kwa mizinga, na ndege ziwe macho yao, zikituma ishara za redio kusema kombora limeangukia mbele au nyuma ya shabaha. Jaribio la kwanza, tarehe 6 Julai, halikumaliza kazi. Tarehe 11 Julai walirudi. Cull alikuwa akiendesha Farman, na Harwood Arnold, Mkanada, alikuwa akituma ishara. Wapigaji wa Königsberg waliipata ndege yao, injini ikakatika. Ndege ikaanza kushuka. Arnold hakuacha kutuma: alipokuwa akishuka kuelekea mtoni bado alikuwa akiirekebishia Severn shabaha yake, na makombora yakaanza kuangukia meli ya Looff. Farman iligonga maji karibu na Mersey, ikapinduka, na wote wawili wakaokolewa. Königsberg haikutoka tena Rufiji.

Sasa muundaji wetu anauliza: Farman ile ilikuwa na rangi gani wakati inaanguka?

Jibu ni kwamba haikuwa imepakwa rangi. Ndege nyingi za Waingereza za mwaka 1915 zilivikwa kitambaa cha kitani kilichopigwa vanishi angavu ya selulosi ili kikazwe na kisipitishe upepo. Kilichoonekana ni kitani chenyewe: weupe wa maziwa ya siku mbili, unaoelekea rangi ya majani makavu, unaozidi kuwa manjano kadiri jua na mafuta ya injini vinavyofanya kazi yake. Tena kitambaa hicho kilipitisha mwanga. Aliyesimama chini akitazama mbawa zikipita mbele ya jua aliona vivuli vya mbavu zake ndani. Anayepaka mfano wa Farman kwa rangi moja nzito ya krimu, kama ukuta wa ofisi, amepoteza ndege yenyewe. Apake nyembamba, tabaka juu ya tabaka, na aache mbavu zionekane kwa mbali.

Na alama? Hapa wengi hukosea. Vita ilipoanza Waingereza walichora bendera yao kwenye mbawa. Muda si mrefu waligundua kwamba kutoka mbali msalaba mwekundu wa bendera ile ulidhaniwa kuwa msalaba wa Kijerumani, na askari wa Kiingereza wakazipiga ndege za Kiingereza. Jeshi la nchi kavu likaazima duara la Wafaransa na kugeuza mpangilio wa rangi: bluu nje, nyeupe kati, nyekundu katikati. Jeshi la majini lilikwenda njia yake. Kwa sehemu kubwa ya mwaka 1915 lilitumia pete nyekundu yenye kiini cheupe, bila bluu, mpaka mwishoni mwa mwaka huo lilipokubali duara la wenzake. Marubani wa Mafia walikuwa wa jeshi la majini. Kwa hiyo anayeunda ndege ya Julai 1915 asichukue alama zilizochapwa kwa ajili ya ndege za mwaka 1917 akazibandika tu kwa kuwa zote ni za Waingereza. Tarehe ndiyo mwalimu wa alama.

Picha za wakati ule nazo zinahitaji kusomwa kwa akili. Sahani na filamu nyingi za picha za miaka hiyo ziliona bluu vizuri sana na hazikuona wekundu kabisa. Kwa hiyo bluu ilitoka karibu nyeupe, nyekundu ikatoka nyeusi, na manjano ikatoka nzito kuliko ilivyo. Mjerumani Walther Dobbertin, aliyepiga picha nyingi za vita hii akiwa na jeshi la wakoloni wenzake, alituachia hazina kubwa ambayo leo imo katika hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani, lakini hata picha zake hazisemi rangi. Zinasema kiasi cha mwanga, na kwa njia iliyopotoka. Mtu akiona duara lenye pete nyeupe nje na kiini cheusi, anaweza kuapa kwamba hakukuwa na bluu. Ilikuwapo, filamu haikuiona. Ndiyo sababu waundaji makini hutafuta kwanza kitu kingine kwenye picha hiyo hiyo ambacho rangi yake inajulikana, mfano bendera, au mchanga, au ngozi ya mtu, kisha ndipo hupima kilichobaki.

Wajerumani hawakuwa na jeshi la angani hapa. Walikuwa na ndege moja Dar es Salaam, iliyoletwa mwaka 1914 na Bruno Büchner kwa ajili ya maonyesho, nayo iliharibika mapema. Anga lilibaki la upande mmoja.

Tarehe 31 Januari 1916 kikosi cha 26 cha jeshi la anga la Uingereza, kilichoundwa na watu wa Afrika Kusini, kilishuka Mombasa na ndege aina ya BE2c, kikapiga kambi Mbuyuni karibu na Taveta. Kiliongozana na jeshi la Jenerali Smuts kushuka kando ya Mto Pangani na kuelekea Morogoro, kikipeleleza na kutupa mabomu juu ya pori ambamo maadui hawakuonekana. Airfix ya Uingereza imewahi kutoa seti ya plastiki ya BE2c kwa kipimo cha 1/72, na hapo ndipo mjadala wa rangi unapokolea.

Katika mwaka huo wa 1916 kiwanda cha kifalme cha ndege kule Farnborough kilikuwa kimepata dawa ya kitambaa iliyoitwa P.C.10. Wengi husema herufi hizo zilisimamia maneno yanayomaanisha kifuniko cha kulinda, na ulinzi uliokusudiwa kwanza ulikuwa dhidi ya jua. Mionzi ya jua hukata nyuzi za kitani. Kitambaa kisichofunikwa hulegea na kuchanika. Farnborough walichanganya unga wa udongo wa manjano wenye kutu ya chuma na masizi kidogo sana, wakavitia katika vanishi. Manjano ikikutana na weusi huelekea kijani, kwa hiyo ilitoka rangi ambayo mpaka leo watu hawakubaliani kuiita: wengine huiita kahawia, wengine kijani cha zeituni, wengine kaki. Wote wana haki. Iliyochanganywa katika vanishi ya mafuta ilielekea kahawia, iliyochanganywa katika selulosi ilielekea kijani, na kila kiwanda kilikuwa na mkono wake. Baadaye ikatoka P.C.12, yenye wekundu wa matofali, iliyotengenezwa kwa nchi za jua kali. Zote zilipakwa juu na pembeni. Tumbo la ndege liliachwa kitani.

Basi BE2c ya Mbuyuni ilikuwa ya kijani-kahawia? Wengi hupaka hivyo, na mimi nasema wanaharakisha. Kikosi kilifika Januari 1916. P.C.10 ilianza kuenea viwandani baada ya hapo, kuanzia majira ya machipuko ya Ulaya. Ndege zilizosafirishwa kwa meli kabla ya dawa kuenea zilifika na kitani chao cha asili. Anayeunda BE2c ya Machi 1916, Smuts akiwa bado chini ya Kilimanjaro, na aipake rangi ya majani makavu na kuipa vumbi jekundu la Taveta kwenye magurudumu na tumbo. Anayeunda ndege iliyoletwa baadaye kujaza pengo, kabla kikosi hakijaondoka mwanzoni mwa 1918, huyo ana haki ya kufungua kopo la kijani-kahawia. Tofauti ya miezi michache inabadilisha ndege nzima.

Na kopo hilo si lazima litoke ng'ambo. Udongo wa manjano na masizi ndivyo vitu ambavyo mama zetu wa Usukuma wamepakia kuta kwa vizazi vingi. Kijana wa Zagayu anaweza kuchekecha udongo wa manjano kwa kitambaa chepesi mara mbili tatu mpaka uwe kama poda, akaongeza masizi ya chini ya sufuria kidogo kidogo kwa ncha ya kijiti, akauchanganya na vanishi angavu ya dukani, na mbele ya macho yake manjano itageuka kijani. Atakuwa amepata si mfano wa P.C.10 bali P.C.10 kwa vitu vilevile vilivyotumika Farnborough. Naona fahari katika hilo. Asisahau tu kwamba rangi mbichi si rangi kavu. Mkulima wa Kisukuma anayejua kutenga udongo wa luseni na wa mbuga kwa macho anajua pia kwamba udongo uliolowa haufanani na udongo wa kiangazi, na rangi ya ndege ni hivyo hivyo: apake kwenye kipande cha plastiki, angoje ikauke, aitazame nje mchana, ndipo aamue.

Upande wa Ziwa Tanganyika vita ya angani ilikuwa fupi. Wabelgiji walipewa na Waingereza ndege nne za Short za kutua majini, wakazipeleka vipande vipande kupitia Kongo mpaka karibu na Kalemie ya leo, na mwezi Juni 1916 rubani Aimé Behaeghe akarusha ndege kuvuka ziwa na kuishambulia meli Graf von Götzen bandarini Kigoma. Wajerumani waliizamisha meli hiyo wenyewe mwezi Julai. Ndiyo MV Liemba, iliyoopolewa na kuhudumia watu wa ziwa kwa miongo mingi, na anayetaka kujua ilivyopakwa mwaka 1916 aelewe kwamba atakuwa akitafuta chini ya tabaka za rangi za karne nzima. Ndivyo ilivyo pia kwa mizinga ya Königsberg iliyosambaa Afrika baada ya kuopolewa Rufiji, ukiwamo ule unaoonekana Mombasa kwenye Fort Jesus. Chuma ni kilekile. Rangi ya juu ni ya walinzi wa makumbusho.

Vita ya pili ya dunia ilikuja na utaratibu. Wizara ya anga ya Uingereza ilikuwa na kadi za rangi, kila rangi na jina lake, na viwanda vilitakiwa kufanana. Muundaji wa leo hapati shida kujua kwamba ndege za nchi kavu zilipakwa kahawia ya udongo na kijani kizito juu, au kwamba mashua kubwa za angani aina ya Catalina zilipakwa kijivu cha bahari na kijani cha kijivu. Kikosi cha 259, kilichokuwa na kambi upande wa Mombasa na kisha Dar es Salaam, kilitumia Catalina hizo. Tarehe 20 Agosti 1943 ndege yake na nyingine ya kikosi cha 265 ziliizamisha nyambizi ya Kijerumani U-197 kusini mwa Madagaska.

Lakini hata penye utaratibu kuna mitego. Italia iliingia vitani tarehe 10 Juni 1940, na kesho yake ndege za Afrika Kusini zilizokuwa Nairobi zikaenda kuwapiga Waitalia upande wa Moyale. Ndege hizo zilikuwa Junkers Ju 86, zilizoundwa Ujerumani! Zilikuwa zimebeba abiria wa shirika la ndege la Afrika Kusini kabla ya kugeuzwa za mabomu. Umbo la adui, jeshi la rafiki: hapo alama ndiyo iliyobeba uhai wa rubani. Na Waafrika Kusini, tofauti na Waingereza, walipaka rangi ya chungwa mahali pa nyekundu katika duara lao. Katika picha nyeusi na nyeupe huwezi kuitambua, ndiyo maana mifano mingi ya ndege zilizoruka kutoka Kenya mwaka 1940 imepakwa nyekundu. Waitalia kwa upande wao walipenda manjano ya mchanga yenye mabaka ya kijani na kahawia, na walioishi Malindi waliwaona mwezi Oktoba 1940 mabomu yalipoangushwa kwenye mji ule usio na kambi kubwa ya vita.

Jambo moja la kiufundi, kabla sijafika kwenye vita yetu wenyewe. Hata ukiwa na kadi sahihi ya rangi, ukiipaka moja kwa moja kwenye mfano wa 1/72 itaonekana nzito mno. Ndege ya kweli huonekana kutoka mbali, na hewa iliyo kati ya jicho na ndege huipausha rangi. Mfano wa sentimita chache hutazamwa kutoka urefu wa mkono, lakini unataka kuwakilisha kitu kilicho umbali wa mamia ya mita. Ndiyo maana wengi huongeza weupe au kijivu kidogo, zaidi kwa mifano midogo, kidogo kwa mikubwa. Wapo wanaopinga na kusema rangi ni rangi. Mimi niko upande wa kupausha, hasa kwa ndege za kwetu, maana jua la ikweta halikuacha rangi yoyote ilivyotoka kiwandani. Miezi michache kiwanjani inatosha kuiua.

Sasa Kagera. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, na ndege zake zikatupa mabomu upande wetu. Uganda ilikuwa na MiG-17 na MiG-21 kutoka Muungano wa Kisovyeti. Tanzania ilikuwa na ndege za China, zilizokuwa na makao Ngerengere mkoani Morogoro, na China ilikuwa imeziunda kwa kuiga MiG za Kisovyeti. Askari wa ardhini akitazama juu aliona umbo lilelile kwa pande zote mbili. Mwanzoni mwa vita ndege za Tanzania ziliangushwa na wapigaji wetu wenyewe waliodhani ni za adui, jambo ambalo Waingereza walilipata Ufaransa mwaka 1914 kwa sababu ya bendera yao. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na mtu anayesema rangi na alama za ndege ni mchezo wa watoto. Ndege zetu ziliangushwa kwa kutotambulika.

Ndege nyingi za ukoo huu zilitoka viwandani na rangi ya fedha, na fedha ndiyo rangi ngumu kuliko zote kwa muundaji. Bati za ndege ya kweli hazing'ai kwa usawa: moja imefifia, ya pili yake ni mpya kwa sababu imebadilishwa, na zile za nyuma karibu na mdomo wa injini zimeungua na kuwa na ubluu na kahawia ya joto. Anayepulizia kopo moja la fedha kutoka puani hadi mkiani ametengeneza kijiko. Pia achunge tarehe za picha. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976 makomando wa Israeli waliokwenda Entebbe kuwaokoa mateka waliziharibu ndege nyingi za kivita za Uganda uwanjani. Picha ya MiG za Amin iliyopigwa kabla ya usiku ule inaonyesha ndege ambazo huenda hazikuwapo tena wakati wa vita ya Kagera. Si ushahidi wa mwaka 1978.

Vita ilipokaribia mwisho, Muammar Gaddafi alimtumia Amin msaada. Mwishoni mwa Machi 1979 ndege ya mabomu ya Libya, Tu-22, ilikuja kuipiga Mwanza. Bariadi wakati huo ilikuwa bado katika Mkoa wa Shinyanga, na Mwanza ndio mji mkubwa ambao watu wa upande huu waliutegemea kwa pamba, soko na hospitali, kwa hiyo habari ile haikuwa ya mbali. Mabomu yalikosa shabaha. Yaliangukia kisiwa cha Saanane, hifadhi ndogo ya wanyama karibu kabisa na mji, yakaua swala. Ndege za Tanzania zilijibu kwa kupiga Uganda. Tarehe 7 Aprili Entebbe ilikuwa mikononi mwetu, na siku chache baadaye Kampala.

Kampuni ya Trumpeter ya China hutengeneza seti ya Tu-22 kwa kipimo cha 1/72. Ni ndege ndefu, nyembamba, injini zake mbili zimepandishwa juu ya mkia, na Walibya waliipaka mabaka ya jangwani. Mtego wake mkubwa ni alama. Mpaka 1977 Libya ilitumia nyekundu, nyeupe na nyeusi za shirikisho lake na Misri na Siria. Novemba mwaka huo, Rais Sadat wa Misri alipokwenda Yerusalemu, Gaddafi alikasirika akaitupa bendera ile na kuchukua ya kijani kitupu, na alama za ndege zikafuata. Picha zilizopigwa kabla ya hapo, hata ziwe wazi namna gani, zina alama ya zamani. Ndege iliyoleta mabomu Mwanza ilikuja miezi kumi na sita baada ya badiliko hilo. Anayeiunda aipake duara la kijani.

Historia hii bado inaweza kuandikwa kwa uhakika kuliko ile ya Rufiji, kwa sababu tunao wenyewe. Mafundi waliopaka na kurekebisha ndege Ngerengere, wapigaji wa mizinga waliokesha Mwanza na Musoma, madereva wa lori waliopita kando ya ndege zilizoanguka Kagera, wavuvi na wakulima waliotazama juu mwaka 1979, wengi wako hai, na wengine wako Simiyu. Nawaomba vijana wanaounda ndege hizi wawafuate wazee hao na daftari na kipande cha karatasi chenye rangi kadhaa zilizopakwa tayari, wasiwaulize ilikuwa rangi gani bali wawaombe waoneshe kwa kidole, wakiwa nje mchana. Waandike jina la mahali, mwezi, na alichoona mzee. Na nawaomba wazee wenye picha za wakati ule, hata ile iliyokunjamana ndani ya sanduku la nguo, waitoe ipigwe nakala kabla mchwa hawajaifikia.